Mume wangu anakula gizani, na lawama zinamwangukia binti wa kaka yangu

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, naishi Igoma hapa Mwanza, na biashara yangu ni dagaa pale Mwaloni Kirumba. Mume wangu ni mstaafu wa jeshi. Mtaani bado wanamwita afande na mwenyewe anapenda. Hanywi, ni mtu wa watu, na hajawahi kuninyanyulia mkono. Nayasema haya mapema usije ukadhani nimekuja kumshtaki.

Mambo yameanzia stoo. Tangu mwaka jana vitu vinaisha kabla ya wakati wake: unga, karanga, sukari. Mkate ukilala hauamki. Nyumbani tupo mimi, yeye, mama yake mzazi, mtoto wetu wa mwisho, na binti wa kaka yangu kutoka Misungwi, aliyemaliza kidato cha nne na anasubiri kwenda chuo. Mama mkwe alianza kwa mafumbo kwamba nyumba hii ina panya wa miguu miwili. Sasa anasema waziwazi kuwa binti anaiba chakula na kumpelekea mvulana.

Usiku mmoja niliamka nikakuta upande wake wa kitanda mtupu. Nikajua yuko msalani. Mara nikasikia mfuniko. Nilipofika koridoni nilimwona jikoni amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, uso kaelekeza mlangoni, taa imezimwa, simu kailaza sakafuni ikitoa mwanga. Sufuria ya kiporo cha ugali kaibana kwa magoti. Anamega tonge, anachovya kwenye sukari, anameza. Hatafuni, Shangazi. Ugali ulipokwisha akahamia kwenye karanga mbichi, kisha mkate. Halafu akakwangua ukoko kwa kijiko polepole usilie, akaosha sufuria, akaifuta, akairudisha mahali pake. Nikawahi kitandani nikajifanya nimelala. Alipokuja alikaa ukingoni muda mrefu kashika tumbo, anahema kama mtu aliyepandisha mlima.

Kulipokucha akasema amefunga. Na kweli alifunga, maji tu, hadi kesho yake jioni. Akifunga anakimbia njia ya Kisesa amevaa koti la mvua, jua linawaka. Kanisani wamemsifia mbele ya watu kwamba ni mtu wa sala. Kumbe nikikumbuka, kila mfungo unatanguliwa na usiku wa namna ile. Na pale Mwaloni, wateja wakishaondoka, anapanda kwenye mizani yetu ya dagaa. Anavua viatu, anavua mkanda, anatoa funguo na simu mfukoni, anasimama kimya anaangalia namba. Vijana wa kubeba mizigo wanadhani ni utani.

Alikwenda Kongo na kikosi cha Umoja wa Mataifa. Desemba 2017 kambi ya Semuliki iliposhambuliwa na vijana wetu wakauawa, yeye alikuwa upande mwingine wa Kivu, lakini baadhi ya wale marehemu aliwajua. Hajawahi kunisimulia. Kauli yake ni moja tu: "Kule tulikuwa tunakula kama watu wanaokimbizwa." Kijana wetu mkubwa anasomea uuguzi. Nilipomdokeza, akasema Wamarekani wamewachunguza wanajeshi wao wastaafu na kukuta wengi wana ugonjwa wa kula, kwa hiyo baba ana ugonjwa wa vita, basi. Wifi yangu naye anasema kuna mtaalamu Ukerewe, tumpeleke akaangaliwe kama hajachezewa. Mimi nimeshanunua kufuli la stoo, bado sijalifunga.

Kinachonikosesha usingizi ni kikao. Mama mkwe amemwita kaka yangu aje mwisho wa mwezi amchukue binti yake. Siku alipomtuhumu tulikuwa mezani sote. Binti analia. Mume wangu aliinamisha kichwa akaendelea kuchambua miiba ya sato. Hakusema neno.

Nikisema ukweli kikaoni, nimemvua nguo mume wangu mbele ya mama yake na shemeji yake. Nikinyamaza, mtoto wa watu anarudi Misungwi na jina la mwizi. Huu ni ugonjwa au ni uchu? Vita ndiyo imemfanya hivi? Na nifanyeje, Shangazi?

Mama wa Igoma


JIBU

Marahaba mwanangu. Pole, na hongera kwa kusimama koridoni usiku ule bila kuwasha taa. Wengi wetu tungewasha, na pengine mlango wa mazungumzo ungefungwa papo hapo.

Nikikuelewa vizuri, una mizigo miwili iliyofungwa kamba moja. Kuna mume anayekula kwa siri na kujiadhibu kwa kufunga, na kuna binti anayetuhumiwa kwa kilicholiwa na mwingine. Unaona kama ukiufungua mmoja lazima wa pili umwagike. Mimi sioni hivyo, nami nitaeleza kwa nini. Ila nianze na swali lako la ugonjwa au uchu, maana naona ndilo linaloamua utamtazama kwa jicho gani.

Mwenye uchu hula kwa raha. Atakuomba umwongezee mchuzi, atasifia pilau, atarudia sahani mbele ya wageni. Uliyemwona wewe alikuwa anameza ugali wa baridi kwa sukari, gizani, mgongo ukutani, na baadaye anaugulia tumbo. Mahali pa raha hapo sipaoni. Madaktari wa akili wanalitambua tatizo la mtu kula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku akihisi hawezi kujizuia: anakula haraka, hata bila njaa, hadi tumbo linauma, anajificha kwa aibu, na akimaliza anajichukia. Katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili liliwekwa kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013. Na kuna ndugu yake, bulimia, ambapo mtu akishakula hivyo hutafuta namna ya kukifuta chakula: anajitapisha, anameza dawa za kuharisha, anakaa na njaa au anafanya mazoezi ya kupita kiasi. Ule mfungo na lile koti la mvua juani lazima daktari asimuliwe. Mimi sijamwona mumeo, kwa hiyo jina la ugonjwa sitampa. Lakini uliyoyaona hayatoshi kuitwa tabia mbaya.

Najua kwa nini inakuwa vigumu kuamini. Tumezoea kuyasikia haya kwa wasichana wembamba wa nchi za mbali. Kwetu mstaafu akinenepa tunasema kiinua mgongo kimemkubali, akikonda tunasema amejua kujitunza, na akifunga tunamsifia kanisani. Yaani kila hatua ya mateso yake ina makofi yake.

Sasa kijana wako. Utafiti aliousikia upo. Mwanasaikolojia Robin Masheb na wenzake, wanaofanya kazi na maveterani, yaani wanajeshi wastaafu, huko Connecticut, Marekani, walichapisha mwaka 2021 majibu ya dodoso la maveterani wa Marekani zaidi ya 1,000 waliokuwa wametoka jeshini karibuni. Takriban theluthi moja ya wanawake, na karibu mmoja kati ya kila watano wa wanaume, walikuwa na dalili zinazolingana na tatizo la ulaji. Hilo la wanaume ndilo la kuangalia, maana tumezoea kuliona tatizo hili kama la wanawake.

Lakini dodoso si vipimo vya hospitali, na mambo kwenda pamoja hakumaanishi moja limezaa jingine. Kijana akikuambia "ni ugonjwa wa vita, basi", hilo neno "basi" ndilo ninalomkatalia. Watafiti hao wa maveterani wanataja mambo kadhaa. Kuna kiwewe cha mapigano, kuna udhalilishaji wa kingono ndani ya jeshi lenyewe, kuna huzuni iliyokaa muda mrefu. Kuna pia jambo lisilo na risasi hata moja, nalo ni mizani. Jeshi la Marekani lina viwango vya uzito, na wapo askari waliosimulia kwamba siku ya kupimwa ikikaribia walikaa na njaa, walimeza dawa za kuharisha au walikimbia wamejifunika nguo nzito ili wajikamue jasho. Soma tena barua yako pale uliposema amevua viatu na mkanda. Inawezekana Kongo ina sehemu yake, na inawezekana sehemu nyingine ilianza zamani, akiwa kuruta, kabla hujamjua. Hilo analijua yeye, tena pengine hata yeye hajawahi kulitazama.

Na kuna njaa yenyewe. Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya, waliokataa kupigana vita kwa imani zao na wakajitolea kwa jaribio hilo. Walilishwa karibu nusu ya walichozoea kwa takriban miezi sita. Hawakuwa na kiwewe cha vita, walikuwa na njaa tu. Wakaanza kuota chakula, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakawa wakali na wapweke. Walipoachiwa kula tena, baadhi yao walikula kupita kiasi, tumbo limejaa na bado wanasema hawajashiba. Miaka mingi baadaye, 1994, Janet Polivy wa Toronto na wenzake waliwalinganisha wanajeshi wazee wa Vita Kuu ya Pili waliowahi kuwa mateka na waliopigana bila kutekwa. Waliokuwa mateka, wale walioshinda na njaa kambini, ndio waliosimulia zaidi kula bila kujizuia, na vita ilikuwa imekwisha miongo kadhaa kabla.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi, kwa sababu ya lile kufuli lako. Wewe unaona usiku wa kula ndio ugonjwa na siku za kufunga ndio nafuu. Jaribu kuligeuza: huenda mfungo ndio unaoutengeneza usiku unaofuata. Mwili ulioshindishwa kwa maji matupu, ukakimbizwa hadi Kisesa na kurudi, utadai chake, na ukidai hauombi kwa adabu. Ndiyo maana wataalamu wanaotibu tatizo hili kwa mazungumzo huanza na jambo linaloonekana kichekesho. Wanamtaka mgonjwa ale: asubuhi, mchana, jioni, na kitu kidogo katikati, kwa saa zinazojulikana, asikae muda mrefu tumbo tupu. Ukifunga stoo, utaokoa unga. Lakini vibanda vya chipsi vya Igoma havifungwi na kufuli lako, na yeye atajua kwamba umejua bila wewe kumwambia neno. Hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote ya kumpa taarifa.

Hata hivyo, acha nafasi kwamba huenda mimi na kijana wako tunakosea. Kisukari humfanya mtu asikie njaa isiyoisha. Tezi ya shingo ikizidisha kazi, vivyo hivyo. Zipo dawa zinazoongeza hamu ya kula, na wapo watu wanaokula usiku kwa sababu usingizi umewakimbia. Kupima sukari na presha ni jambo ambalo mwanaume wa umri wake anaweza kulikubali bila kuona aibu, na pengine ndio mlango rahisi kuliko yote. Mkiwa mbele ya daktari, aombwe aeleze na ulaji wake. Hospitali ya Bugando kuna idara ya afya ya akili, anaweza kuandikiwa rufaa. Ubaya wa njia hii ni mmoja: akipimwa akaambiwa sukari iko sawa ila apunguze uzito, atatoka pale na ruhusa ya daktari ya kuendelea kujinyima. Kwa hiyo usimwache aende peke yake kama anakubali uende naye.

Njia ya pili ni kumwambia wewe mwenyewe. Unaogopa kumvunja, nami siwezi kukuahidi kwamba hatakasirika. Lakini jiulize: anadhani kweli hujui? Umelala naye miaka yote hiyo. Huenda analala macho akijiuliza ni lini utasema. Ukichagua njia hii, isiwe jikoni usiku, isiwe mezani, wala siku anayofunga. Wanaume wengi wa jeshi hawapendi kutazamwa usoni wakiulizwa jambo zito, hufunguka zaidi mkiwa mnafanya kazi bega kwa bega. Mkiwa mnaanua dagaa, kwa mfano. Na usianze na unga uliopungua. Anza na alivyoshika tumbo: "Baba, usiku ule nilikuona umekaa ukingoni unaumwa. Sijamwambia mtu hapa nyumbani. Nataka kujua unaumwa nini." Kisha nyamaza. Akisema ni gesi, mwambie sawa, na kwamba utamuuliza tena.

Lipo la tatu, la kumtumia askari mwenzake mstaafu aliyekuwa naye huko. Wao wana lugha yao. Hatari ni kwamba siri ikitoka kwa mwenzake mmoja huwa haikai, na wengine wao ndio watani wakubwa wa vitambi. Umjue mtu kwanza.

Kuhusu Ukerewe, sitawatukana wakwe zako. Wanahangaika kama wewe. Nisingependa tu apewe dawa za kutapika au za kuharisha "kumsafisha", wala aongezewe mfungo mwingine. Kwa mtu wa hali yake hizo zinaweza kuvuruga chumvi za mwili mpaka moyo ukapiga ovyo. Kwa sababu hiyo hiyo lile koti la mvua linanitia hofu kuliko ugali wa usiku. Akizimia, akalalamika mapigo ya moyo, akatapika damu, au akaanza kusema maneno ya kuchoka kuishi, usisubiri kikao wala mtu yeyote, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nimeliacha la binti mwisho lakini kwa saa ndilo la kwanza, maana kikao kina tarehe na ugonjwa hauna.

Ukimya wa mumeo pale mezani umekuuma kuliko unga wote uliopotea, nimeuona katika mwandiko wako. Umeusoma kama ukatili. Yawezekana. Yawezekana pia ni aibu iliyomkaba, mtu mzima anayesikia makosa yake yakisomewa mtoto na hapati pa kuingilia. Aibu hiyo haimpi haki ya kuendelea kunyamaza, na unaweza kumwambia hivyo kwa upole: kwamba la kula mtalitafutia tiba taratibu, ila la binti halingoji. Wapo wanaume ambao jambo kama hilo ndilo huwafungua, kwa sababu unampa kazi ya kumlinda mtu badala ya kosa la kuungama. Na wapo ambao hujifunga zaidi.

Hata akikataa, bado una nafasi kati ya kumvua nguo na kumtoa binti kafara. Wewe ndiye mwenye stoo. Unaweza kumwambia mama mkwe kabla ya kikao, mkiwa wawili, kwamba umefuatilia, chakula kimeliwa humu humu ndani, binti hahusiki, na hutasema zaidi ya hapo. Atakuuliza nani. Atakuuliza tena na tena, mama ni mama, na huenda akakisia, maana amemlea mumeo na pengine ana ya kwake anayoyakumbuka. Kaka yako naye unaweza kumpigia simu asafiri akijua kwamba haji kumchukua mwizi. Njia hii inaacha swali limening'inia ndani ya nyumba, na wewe utakuwa umelibeba peke yako kwa muda. Je, utaliweza? Wapo wanaoliweza, wapo ambao wiki haiishi wamelipuka, na kulipuka ni kubaya kuliko kusema. Jipime mwenyewe, unajijua kuliko mimi.

Binti mwenyewe, kabla ya yote, aitwe pembeni leo. Huna haja ya kumtajia jina la mumeo. Mwambie unajua hakuchukua kitu. Kaka yako akifika atamkuta mtoto anayekula mezani na kichwa juu, na hapo kikao kitaanza kwa sura nyingine.

Niandikie baada ya hicho kikao. Na mwambie huyo muuguzi wetu mtarajiwa aache kumtibu baba yake kwa simu, aje nyumbani likizo, wakimbie wote hiyo njia ya Kisesa, bila koti la mvua, na baada ya kunywa chai.